Kitanda Kisicho na Katikati

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu karudi kwao. Eti seremala gani anamlaza mkewe kwenye godoro la chini tangu harusi, huku vitanda vya watu vinatoka karakanani kila wiki? Hakanyagi hapa mpaka kitanda kiwepo. Nyumba imepooza. 

Leo karakanani paka alijilaza nyuma ya nguzo. Kichwa huku, mkia kule, katikati simwoni. Lakini akilini nilikuwa na paka mzima! Sikufikiria hata kidogo kwamba huenda ni paka wawili. Nikaweka randa chini. Kumbe macho yanajimalizia kazi yenyewe. Nijitese ya nini basi?

Jumatano, 6 Machi
Ubao wa kichwani tayari. Wa miguuni tayari, umepigwa msasa hadi unateleza. Katikati hamna mbao, ni kamba mbili tu, juu yake shuka mpaka sakafuni. Mama mkwe kaja kukagua. Kwa heshima zake haingii chumbani kwa mkwe, akaishia mlangoni. Akasema kitanda ni kipana, kizuri, na kwamba alikuwa akinionea. Nikainamisha macho kwa adabu. Mwanawe anarudi kesho.

Ijumaa, 8 Machi
Jana mke wangu kaingia anatabasamu, kaniletea na sabuni niipendayo. Akatupa sanduku lake kitandani. Sanduku likazama pamoja na shuka. Akalivuta, akaondoka nalo. Na sabuni kaichukua.

Majirani wasinicheke: nimetundika gauni lake nyuma ya pazia la mlango wa chumbani. Chini linachungulia pindo, na kandambili zake. Muuza duka kapita, kalisalimia pazia vizuri tu. Nikasema mke wangu anaumwa koo, haongei. Akampa pole. Kusema kweli hata mimi nimefarijika. Jioni nimelisimulia mambo yote ya kazini.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kaja amefura. Kumbe jana dada yake alikuja kunisamehe. Akachungulia dirishani, akaniona nambembeleza mwanamke nyuma ya pazia, tena kavaa kandambili zake yeye! Nikalifunua pazia. Shemeji akaona gauni na msumari. Akatafuta kiti akakaa. Akasema nimalize kile kitanda, ni kazi ya siku moja, naye atamleta dada yake mwenyewe.

Siku moja nzima! Shemeji hana jicho la mbali. Kosa langu ni dogo: mwanamke akionekana peke yake nyumbani kwangu, lazima watu wafikirie vibaya. Kesho naazima viatu vya mama mmoja mtu mzima, naviweka kando ya kandambili. Mke wangu akichungulia tena, ataona kwamba mama yangu alikuwepo muda wote.