Nguvu za Akili Mtaani Kimanga

Jumatatu, 4 Juni 2001

Jana, Pentekoste, Sylvestre kanishambulia hadharani. Mlangoni mwa kanisa! Eti mchezo wangu umechakaa: joka, kinamasi, joka tena. Anadai Jumapili ijayo tupige kura, msimulizi abadilishwe. Na mpya awe nani? Yeye, bila shaka. Alikuwa mkubwa wa duwane, yaani forodha, bandarini Kalundu. Hajazoea kukaa upande wa wanaosikiliza.

Nieleze, maana shajara isiyoeleza ni kupoteza wino. Mchezo huu aliuacha Pierre, Mbelgiji wa misaada, alipopanda boti kukimbia vita. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni: shujaa, mganga, mchungaji. Msimulizi huwaelezea dunia nzima na kuwa mdomo wa kila kiumbe wanachokutana nacho. Dadu huamua nani anapona. Msimulizi ni mimi, kwa sababu ndimi pekee niliyesoma kitabu cha kanuni hadi mwisho.

Shule yangu imefungwa. Shamba la Kiringye liko ng'ambo ya mapigano. Mahali pekee ambapo watu bado hunyamaza nikifungua mdomo ni kwenye meza ile. Sitoki!

Mpango: nguvu za akili. Ukurasa wa mwisho unasema zimo katika buku jingine, ambalo Pierre hakuliacha. Vizuri. Nitalitunga mwenyewe.

Jumanne, 5 Juni

Nguvu imekamilika kabla ya chai. Mwenye nayo huingia kichwani mwa kiumbe chochote, na kiumbe hicho lazima kiseme, bila uongo, kinachowaza. Chuma hakizuii. Kwa hiyo shujaa wa Sylvestre, aliyevaa chuma hadi masikioni, si kitu tena.

Nguvu nimempa Florentine, mke wa mwanangu Clovis. (Clovis yuko Kigoma, anangoja vita vipoe.) Ni binti wa Sylvestre, ndiyo, lakini heshima yake kwangu haina mfano. Tangu aolewe hajatamka jina langu hata mara moja, kama desturi inavyotaka. Chaguo bora!

Alasiri Mugabo alikuja na wasiwasi. Ni mfugaji wa milima ya juu, shemasi wa Kiprotestanti. Vita vimemshusha hapa bila ng'ombe hata mmoja. Katika mchezo anao kundi zima. Aliuliza kama kusoma mawazo si uchawi. Nikamweleza tofauti kwa utaratibu, kuanzia Wagiriki. Alisinzia kidogo. Alipozinduka alikubali kwa sharti moja: ng'ombe wake wasiingiwe vichwani. Nimekubali. Ng'ombe hawaguswi.

Alhamisi, 7 Juni

Kikao cha kwanza. Aibu!

Niliwafikisha kwenye lango la mfalme wa kinamasi. Yeye peke yake anajua kisima kilipo; kijiji kizima kinakufa kwa kiu. Nikamgeukia Florentine: ingia kichwani. Akatazama ukuta. Nikarudia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba databukwe, yaani baba mkwe, amsamehe, haitawezekana. Nikauliza kwa nini. Akamwangalia mke wangu.

Bernardine akaweka birika chini, akaeleza. Yeye! Kueleza! Mfalme anasema kwa mdomo wangu, kwa hiyo anawaza kwa kichwa changu. Na mke wa mtoto ambaye jina langu halipiti mdomoni mwake, kichwani mwangu atapitaje?

Nikamleta chura. Chura naye ni mimi. Nikamleta popo, bibi kizee, malaika. Wote mimi!

Sylvestre alicheka hadi akashika meza. "Bamwana, hata ule chura iko weye!" Bamwana ndivyo wazazi wa mume na wa mke wanavyoitana, ni neno la upendo. Hakulitamka hivyo. Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa kanuni chura ni chura. Risasi zikaanza upande wa vilima, tukahamia koridoni kama kawaida, nikaendelea kueleza. Wakati huo shujaa wake akampasua mfalme kwa shoka. Kisima hakijapatikana.

Ijumaa, 8 Juni

Nimepata dawa. Tatizo si nguvu, ni mdomo. Basi viumbe wapewe mdomo mwingine. Bernardine ni mama mkwe: yale yale. Mugabo hakubali kusema kwa niaba ya mashetani. Anabaki Sylvestre, baba mzazi wa Florentine, aliyetaniana naye tangu utotoni mwake.

Nimekwenda kumwazima Sylvestre midomo ya viumbe vyote. Midomo tu! Kiti ni changu. Alikubali haraka, akanipa hata ndizi za kurudi nazo.

Bernardine akauliza mimi nitabaki na kazi gani. Nikamjibu: kueleza. Akarudi jikoni bila neno. Nadhani alishawishika.

Jumamosi, 9 Juni

Kikao cha pili. Malkia wa wachawi analinda daraja. Sylvestre hakumfanya mchawi, alimfanya mtu wa duwane. Akadai vitambulisho vya wote. Akakagua kundi la Mugabo, akataka kujua kwa nini yule dume wa pembe iliyopinda hafanani na picha yake. "Minye sitaki maneno mingi! Ng'ombe avue kofia!" Mugabo, ambaye sijamwona akicheka tangu ashuke milimani, alifuta machozi kwa mkono wa shati. Akamtetea dume kwa ukoo wake wote, bibi kwa bibi.

Florentine akaingia kichwani mwa malkia bila kubisha hodi. Alikuta njaa, mchumba aliyetoroka, na njia ya kwenda kisimani. Maharagwe yakaungua, Bernardine hakuinuka. Majirani walijaa dirishani.

Mimi nilieleza kanuni mara kwa mara. Hakuna aliyeuliza swali. Ishara kwamba zilieleweka.

Jumapili, 10 Juni

Kura. Sylvestre alitaka kila mtu ataje jina kwa sauti. Yeye: Sylvestre. Mugabo: Sylvestre, huku akitazama viatu vyake. Mimi: Habonimana, kwa sauti ya kutosha.

Florentine hakusema kitu. Nikaeleza kwamba jina langu amekatazwa kulitamka, na lingine hajalitamka, kwa hiyo kimya chake ni kura yangu. Wakatazamana. Wakakubali! Mbili kwa mbili!

Ikabaki kura ya mke wangu. Nilikwisha kuvuta kiti karibu na meza. Bernardine akafuta mikono na kusema: Sylvestre. Nisikasirike, aliongeza, ila anataka kujua kama ule mchumba wa malkia atarudi.

Sylvestre akakaa kwenye kiti changu. Watu wakanyamaza kabla hajafungua mdomo. Florentine akaniletea kigoda na chai, akapiga goti, akasema sasa databukwe atacheza pamoja nao. Chai ilikuwa na sukari nyingi, na sukari siku hizi haipatikani. Nikainywa nikitazama ukuta.

Jumatatu, 11 Juni

Nimelala vizuri. Kosa nimeligundua: nguvu niliyoichagua ilikuwa ndogo mno.

Leo nimetunga kubwa zaidi: kuona yajayo. Mwenye nayo anajua kila litakalotokea kabla msimulizi hajalisema. Na akishajua, ni wajibu wake kulieleza kwa wenzake, kwa utaratibu, kila mara. Kiti cha nini tena? Mtu wangu mpya, nabii mwenye ndevu, ataitumia kuanzia Alhamisi.

Nimempelekea Sylvestre kanuni hiyo nyumbani kwake. Aliisoma amesimama, akaikubali yote bila kubadilisha hata nukta, akauliza tu yajayo nabii atayapata kwa nani, akacheka mpaka mlangoni akinisindikiza.

Sijaona bado anachocheka.