Foklifti Tatu Zisizopiga Kelele

Jumatatu, 4 Machi
Fundi mkuu anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi yake ni yangu. Kilichobaki ni meneja kulijua hilo.

Kikwazo ni Mama Spana, fundi mwenzangu. Kila asubuhi anakagua foklifti zetu za kunyanyulia mizigo kama mama anayemkagua mtoto masikio. Breki, minyororo, matairi, honi. Yote anaandika. Anachosha!

Leo meneja kashuka ghalani amekunja uso. Anasema ving'ora vya foklifti zikirudi nyuma vinampasua kichwa, hata simu hasikii. Mama Spana akamjibu kwamba king'ora ndicho macho ya kisogoni, hakiguswi. Mimi nilikuwa nafikiri.

Jumanne, 5 Machi
Nimemtangulia Mama Spana kazini. Nimechomoa waya wa king'ora kwenye foklifti zote tatu. Dakika kumi tu! Alipofika nikamwambia nimeshazikagua, na wiki hii nzima nitazikagua mimi, yeye akashughulikie betri za akiba. Akanishukuru. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Meneja kanipigapiga begani, akasema leo ghala limetulia. Nimerudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia mke wangu aanze kuniita Fundi Mkuu, tuzoee. Akaniambia nikatupe takataka.

Alhamisi, 7 Machi
Sijui nianzie wapi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mfagiaji hapo ghalani. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Saa nne alikuwa ameinama, anafagia mchele uliomwagika kati ya magunia. Foklifti ikarudi nyuma. Kimya. Gurudumu likampanda mguu wa kushoto. Nilimsikia akimwita dada yake.

Dereva alilia kama mtoto, akisema hakumwona. Mama Spana akaenda moja kwa moja nyuma ya foklifti, akachungulia, akanigeukia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ananipa mpaka kesho niseme mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesema. Nimemweleza meneja kila kitu, waya kwa waya.

Meneja anadai hakumwagiza mtu kugusa waya. Kweli, hakuagiza. Nimesimamishwa kazi. Mama Spana ndiye fundi mkuu. Kabla sijaondoka alitaka niviunge ving'ora kwa mkono wangu, kimoja kimoja, kisha nisimame nyuma ya kila foklifti nisikilize. Nilisikiliza.

Mke wangu kaniwekea sahani mezani akaingia chumbani. Nimelia peke yangu jikoni.

Jumapili, 10 Machi
Hospitali, saa tisa alasiri. Mguu umeokolewa. Vidole viwili vimekatwa.

Nimemwomba shemeji radhi mbele ya dada yake. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama sasa foklifti zinalia. Nikamwambia zinalia. Akasema basi, imetosha. Nilijisikia mdogo kuliko sisimizi. Nimejiapiza sitamdhuru tena binadamu yeyote. Mke wangu akanishika mkono, mara ya kwanza tangu Alhamisi, kisha akatoka kutafuta chai.

Shemeji hajalala siku mbili. Mashine ya dripu kando ya kitanda inapiga kelele kila dawa inapokwama, na kila akisinzia anashtuka. Nesi simwoni. Maskini, mtu ameteseka vya kutosha!

Bisibisi haikosi mfukoni mwangu. Nimefungua kifuniko cha nyuma. Waya wa spika wenyewe mwembamba tu.

Sasa anakoroma. Mke wangu akirudi na chai atajionea mwenyewe ameolewa na fundi wa aina gani.