Jinsi Nilivyoitajirisha Busi

Jumatatu, 2 Agosti 1993
Nimefika Busi juu ya lori la mahindi. Mgongo sina tena. Kazi yenyewe: kujua kaya ya kawaida inapata kiasi gani kwa mwaka tangu biashara ziachiwe huru, tulinganishe na miaka kumi nyuma. Bosi wetu wa takwimu Dodoma, Mama Evarista, hataki wastani. Anasema tajiri mmoja anatosha kuunenepesha wastani wa kijiji kizima. Anataka kaya ya katikati: wapange wote kuanzia fukara mpaka tajiri, umchukue wa kati. Rahisi! Mwenzangu Optatus kapelekwa Mlali kwa kazi hiyohiyo. Katamba kwamba atamaliza kabla yangu. Tutaona!

Nimefikia kwa Mama Swaumu, mjane. Ugali wa uwele na mlenda. Hela ya chakula kaikataa. Mgeni halipi, anasema.

Jumanne, 3 Agosti
Balaa! Busi hakuna mwenye kitu. Wameniona na peni wakajua ni kodi. Mzee Khamisi kasema mbuzi wake walikufa wote. Mbuzi wakalia nyuma ya nyumba. Akasema hao ni wa shemeji. Bashiri, mwenye duka na lori, kaapa kwamba hata chumvi anaomba kwa majirani. Na lori? La mgeni. Mgeni yuko wapi? Kasafiri. Mbona kaliacha lori? Akaanza kufuta vumbi kwenye mizani. Kwa hesabu hii kaya ya katikati inaishi kwa kula upepo.

Jumatano, 4 Agosti
Akili! Nimemnong'oneza Mzee Khamisi kwenye kahawa: haya si mambo ya kodi, ni mikopo. Atakayeonyesha uwezo atafikiriwa. Nikamsihi asimwambie mtu. Kaniahidi kwa sauti iliyosikika mpaka kisimani.

Alhamisi, 5 Agosti
Kufumba na kufumbua, Busi imetajirika! Mzee Khamisi ana zizi limejaa. Kwa jirani yake Nurdini, zizi limejaa vilevile. Beberu mmoja ana pembe iliyovunjika. Nyumba ya tatu, pembe iliyovunjika tena. Nikajiambia labda ni ugonjwa wa ukoo. Nikaandika.

Hata Mama Swaumu kanionyesha redio na kitanda cha chuma. Asubuhi niliviona kwa Nurdini. Jioni kamchinja kuku wake, ambaye hakuwa na mwenzake, ili nione kwamba nyama kwake si ajabu. Nimekula paja. Nikaona aibu kidogo. Nikala na kidari.

Jumatatu, 16 Agosti. Dodoma
Ushindi! Mama Evarista kanisifu mbele ya Optatus: kaya ya katikati ya Busi imepanda maradufu. Kisha akaongeza, kwa furaha kabisa, kwamba mkoa unagawa mahindi ya msaada, na Busi imefutwa kwa kuwa sasa inajiweza.

Chai ikanipalia. Optatus akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikaukumbuka mfuko wa uwele wa Mama Swaumu, ulivyolegea pale pembeni, nami nikiukalia. Kesho nitasema.

Jumanne, 17 Agosti
Sijasema. Mama Evarista alikuwa na mafua.

Ijumaa, 20 Agosti
Aibu! Bwana mifugo kapita ofisini. Mbuzi wangu wa Busi ni wengi kuliko waliochanjwa wilaya nzima. Mama Evarista kaniita, akauliza kwa upole, "Ulimboka, hawa mbuzi wanazaa huku wanatembea?" Nikasema labda ni soko huria. Hakucheka. Nikatapika yote: mikopo, pembe, hata kidari. Optatus akaingia kutafuta rula. Akatoka. Akaingia tena kutafuta rula ileile.

Amri: tunarudi Busi, nikaseme mwenyewe mbele ya watu.

Jumapili, 22 Agosti. Busi
Nimesema. Mikopo hakuna, niliwadanganya. Mzee Khamisi akauliza kama basi serikali nayo ipo. Watu wakacheka. Mama Swaumu hakucheka. Nikamwendea, shikamoo ikatoka kama kikohozi. Akaitikia marahaba, akaniambia taratibu, "Mwanangu, ungesema tu una njaa. Kuku ningekuchinjia hivyohivyo."

Heri angenitukana.

Mama Evarista akahesabu upya, nyumba kwa nyumba. Kila alipoingia alianza kwa kutaja mshahara wake mwenyewe, na kwamba wa mwezi uliopita haujaingia. Wakamwonea huruma, wakamwambia kweli. Bashiri hata lori kalikubali. Katikati imeshuka, Busi imerudishwa kwenye mahindi. Njia nzima ya kurudi nilitazama dirishani, kwa upande usio na mtu.

Jumatatu, 30 Agosti. Mlali
Adhabu: narudia kazi ya Optatus, maana kwake pia hakukuwa na mwenye kitu. Aibu ya Busi bado inaniwasha. Nimeapa: neno mkopo halitatoka tena mdomoni mwangu. Nimejifunza!

Ila hawa watu wanaficha hata sufuria. Basi nimemdokeza mwenyekiti, yeye peke yake, kwa siri kubwa, kwamba huenda kuna vyerehani vinakuja kwa mafundi. Cherehani si mkopo.

Sasa ni magharibi. Mlali ina mafundi cherehani wengi kuliko suruali.