Malalamiko Dhidi ya Mchicha wa Tuta Namba Nne

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kitengo cha Kusafisha Damu.

Binti yangu,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa nilikufundisha darasa la sita na sijasahau ulivyokuwa ukichezea bomba la shule. Nalalamikia mpango wako wa kutunza mazingira. Maji yanayokataliwa na chujio la kila mashine yetu kabla hayajaingia ndani zamani yalimwagwa mferejini. Sasa umeyapeleka bustanini, mashine moja kwa tuta moja.

1. Mimi naruhusiwa vikombe viwili vya maji kwa siku. Mchicha wa tuta namba nne, ulio chini ya dirisha langu, hunywa ndoo kwa ndoo mbele ya macho yangu, nami nimefungwa mipira mkononi, siwezi hata kugeuza kiti.

2. Kila nifikapo hupimwa uzito. Nikizidi kilo moja, unaniuliza mbele za watu, "Mwalimu, jana ulikunywa nini?" Mchicha umenenepa tangu mwezi uliopita na hakuna aliyeuhoji. Naomba nao upandishwe mizani.

3. Daktari amenikataza kuula mchicha huo, kwa kuwa madini yake humlemea moyo mtu ambaye figo zake zimechoka. Wauguzi wako huondoka nao mafungu mafungu. Yaani nakaa kitini kwa muda wa saa nne nzima nikimnywesha adui, ili ninyi mpate mboga.

4. Fundi Saa, wa kiti cha tano, anatamba kwamba tuta lake limestawi kuliko langu. "Mwalimu, mashine yako imeambukizwa uvivu," asema. Nimemzidi miaka kumi na miwili.

5. Kwa kuwa unayapenda mazingira kiasi hicho, nimepiga hesabu. Kila nijapo naacha nyuma mfuko mzima wa mipira, sindano na glavu. Nikija mara mbili kwa wiki badala ya tatu, nitaokoa dunia kuliko bustani yako yote. Kwa hiyo, kuanzia wiki hii, Jumamosi nitabaki nyumbani. Nilimsomea mke wangu aya hii. Aliingia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo.

Uamuzi wangu haubadiliki.

Wasalimie wauguzi wote, mfagiaji wa zamu ya asubuhi, na yule dereva anayenishika mkono ngazini. Fundi Saa msalimie kwa kifupi.

Ni mimi, mwalimu wako,
wa kiti cha nne.

Tanbihi: Mtunza bustani amenieleza sasa hivi kwa simu kwamba mashine isipokuwa na mtu, tuta lake halipati hata tone. Jumamosi nitakuja, tena mapema. Nakuja kwa ajili ya mchicha tu. Tafadhali mpigie mke wangu umjulishe, maana mimi nimegonga mara tatu na mlango bado umefungwa.