Mlegezo wa Marehemu Kaleikoa

Jumatano, 12 Juni

Kaleikoa, mume wangu, Mungu akulaze pema, lakini ulikuwa mchoyo! Miaka arobaini na moja unanipigia ule wimbo barazani, wimbo ulionitungia mimi mwenyewe, na hata siku moja hukunionyesha ulivyozikaza nyuzi za gitaa lako. Ukimaliza tu, kabla hujainuka kitini, unazilegeza zote, nisijue zilikaaje. Ulisema mlegezo, yaani kila uzi ukazwe au ulegezwe kiasi gani, ni siri ya nyumba ya baba yako, hata mke haonyeshwi. Haya. Umekufa. Gitaa linaning'inia ukutani, nyuzi zimelegea kama mpira wa chupi kuukuu, na wimbo wangu siusikii tena. Umefurahi?

Anayeujua mlegezo huo amebaki mmoja tu: dada yako, wifi yangu Hinano. Kesho anaanza kufundisha warsha ya muziki na mila, hapa hapa mjini kwetu Hilo, kwenye ukumbi wa kanisa, siku tatu. Nimejiandikisha. Si kujifunza! Naenda kuiba.

Nimwombe? Mimi nimwombe Hinano? Aliyesema msibani, mbele ya watu, kwamba saladi yangu ya makaroni ina maji?

Alhamisi, 13 Juni

Mvua. Shoga yangu Makalapua kanipeleka kwa gari lake, anacheka njia nzima. Fomu iliuliza kiwango changu. Nikaandika: bingwa. Wakaniweka na wanaoanza, karibu na daktari wa meno kutoka Osaka, shati lake kasuku watupu. Anapiga kuliko mimi. Simpendi.

Hinano kaja na shada la maua shingoni, kanibusu mashavu yote mawili. "Wifi! Umenenepa! Ujane umekukubali!" Nikamwambia na yeye meno mapya yamempendeza, atayazoea tu.

Akapiga wimbo wa babu yenu, kwa mlegezo ule ule wa nyumba yenu. Nikakaza macho kwenye vidole vyake mpaka yakatoa machozi. Bure! Vidole havisemi kitu kama hujui nyuzi zimekazwa vipi. Wakati wa chai akaweka gitaa chini. Nikalirukia. Zimelegea! Zote sita! Kazilegeza saa ngapi, mchawi yule? Kweli ni ndugu yako, Kaleikoa. Damu moja, uchoyo mmoja.

Ijumaa, 14 Juni

Leo mvua tena, nami nilitumia akili. Katikati ya somo Makalapua akaingia anapiga kelele kama nilivyomfundisha: "Mwalimu Hinano, madirisha ya gari lako yako wazi, viti vinaogelea!" Hinano mbio. Wanafunzi wote mbio nyuma yake, maana watu wa warsha wanapenda kusaidia. Gitaa limebaki kitini. Halijalegezwa!

Nikalipakata. Nikapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, bila kubana chochote, mara moja tu.

Ilikuwa baraza yetu. Ilikuwa wewe umekaa na singlendi yako, miguu juu ya ndoo. Nikalia kama mtoto. Mimi! Na kalamu ninayo, na karatasi ninayo, badala ya kuandika nalia.

Nikasikia miguu mlangoni. Na unajua mkono huu mpumbavu ulifanya nini? Ukalegeza nyuzi. Zote sita, haraka haraka, wageni wasije wakaona. Miaka arobaini na moja nimekutazama ukifanya hivyo, mkono umezoea wenyewe.

Kumbe ni Makalapua, nusura aanguke kwa kicheko. "Mwizi gani wewe, shoga? Unafunga mlango na wewe uko nje!"

Hinano akaingia ameloa chapa chapa. Akaliangalia gitaa. Akaniangalia mimi. Nikamwambia nilikuwa nafuta vumbi.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi Hinano kanishika mkono. "Wifi, mchana usiondoke. Nina kitu nataka kukuonyesha." Nikajua tu! Saladi ya makaroni. Anataka kunifundisha saladi mbele ya watu arobaini. Nikasema nina shughuli, nikajificha jikoni nyuma ya masufuria ya laulau, ile nyama yetu ya kufunga kwa majani. Atakuja kula, nami nipite upande wa pili kwenye gitaa. Mpango safi.

Hakuja kula. Nimekaa kwenye ndoo ya mchele saa nzima. Mara, kupitia ukutani, magitaa arobaini. Wimbo wangu!

Nikafungua mlango kwa kishindo. Wamemaliza. Kila mtu anacheka na kulegeza nyuzi zake. Hata daktari wa meno! Anajua mlegezo wa mume wangu, yeye na shati lake la kasuku!

Hinano anasema ulimwagiza wewe, Kaleikoa, ukiwa kitandani: siri isizikwe nawe, na wa kwanza kuonyeshwa niwe mimi. Alikuwa ameniwekea kiti cha mbele. "Nimekuita, wifi, ukakataa. Basi njoo kwangu Jumatatu, tukae wawili. Mlango uko wazi."

Jumapili, 16 Juni

Nimewaza wakati wote wa ibada. Mahubiri sikuyasikia. Hinano atanipa bure, kwa moyo mweupe? Hapana! Cha bure lazima kina kasoro. Uzi mmoja atauficha, namjua. Cha kuiba ndicho cha kweli. Na kesho gitaa atakuwa amelikaza tayari, ananingoja.

Nyumba yake ina dirisha la jikoni, komeo bovu, chini yake kuna tuta la majani, nikianguka siumii. Nimeshampigia simu Makalapua: kesho saa tatu asubuhi uwe hapa na gari na ngazi. Umshike Hinano maneno pale mlangoni mpaka nikohoe. Na ole wako ucheke!