Utepe Mweupe kwenye Ripoti za Wazazi

Jumatatu, 3 Novemba
Nimedhalilishwa! Mbele ya walimu wote! Ripoti za wanafunzi zinazotolewa na programu yangu zimejaa takataka. Vijisanduku na alama za kuuliza zimejipanga ukingo wa kushoto, na kila mstari umesogea kulia kuliko ulio juu yake, kama ngazi. Mwalimu mkuu kasema wazazi wanakuja Ijumaa. Zisiponyooka, chumba cha kompyuta nimkabidhi Miwani. Miwani! Karani wa ada, mdogo wa mke wangu. Shemeji yangu mwenyewe ananinyemelea kiti!

Jumanne, 4 Novemba
Miwani kaja na tabasamu lake. Eti uchafu umo kwenye kiolezo, ule ukurasa wa mfano ambao programu hujazia kila ripoti, maana nilinakili maandishi ya faili la zamani; nikisafishe tu, basi. Nikamwambia akahesabu ada. Jioni mke wangu naye kaniuliza kwa nini simsikilizi mdogo wake. Wameungana ndugu hao. Nimelala na njaa kwa hasira.

Jumatano, 5 Novemba
Dawa nimeipata. Takataka sifuti, nazifunika! Nimeiamuru programu ibandike utepe mweupe ukingo wa kushoto wa kila ukurasa, kisha ivute mistari yote kushoto hadi ilingane. Nikafungua ukurasa wa kwanza, wenye nembo ya shule na jina la mtoto katikati tu. Safi kabisa! Wa pili wa nini? Nimepita dirishani kwa Miwani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Novemba
Sina hamu. Mistari ilivutwa mno, maneno ya mwanzo yakaingia chini ya utepe. Na yule mwalimu wa darasa la sita, asiyejua kusifu, huandika maoni yake mstari kwa mstari: Si mvivu. Si mwongo. Si mwizi. Kwake hizo ni sifa tele! Mwenyekiti wa wazazi kasimama ukumbini, kasoma ripoti ya binti yake kwa sauti: mvivu, mwongo, mwizi. Mtoto kaangua kilio. Kilio kile kimeniuma, sikatai. Lakini mwalimu kaninyooshea kidole mimi! Nikamnyooshea Miwani. Miwani kakaa kwenye kompyuta, kasafisha kiolezo, kachapisha upya kabla chai ya wageni haijapoa. Wakampigia makofi. Nilitamani kumrushia kiti.

Jumatatu, 10 Novemba
Chumba kapewa Miwani. Mimi nimetupwa stoo, nichapishe lebo za namba za madawati, 10 hadi 49. Zimetoka na vijisanduku vilevile upande wa kushoto! Miwani kachungulia, kwa ule upole wake wa kuudhi, kasema shemeji, nikuletee kiolezo kisafi? Nikamfungia mlango. Nimeazima mkasi kwa mshonaji wa sare, nimekata upande wa kushoto wa kila lebo, na darasa zima nimeshalibandika. Ajabu, madawati namba tano yamekuwa manne, na namba sita manne vilevile. Kuna mtu ananihujumu humu shuleni, na ninamjua.