Fundi Bomba Miongoni mwa Wasaka Vikopo

Jumatatu, 4 Agosti

Wiki ya tatu katika Chama cha Wasaka Vikopo. Hesabu hadi leo: mke wangu, vikopo sitini na viwili. Daktari wa Meno (mstaafu, meno yake mwenyewe ni ya bandia), mia moja na tisa. Mimi, sifuri.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mtu mzima mwenye akili timamu anaficha kikopo mahali, anatangaza namba za mahali hapo kwenye simu, na watu wazima wengine wanakwenda kukitafuta. Ukikipata unaandika jina kwenye karatasi iliyo ndani, unakirudisha pale pale, unanyamaza. Nimeuliza: kama mnataka kionekane, mbona mmekificha? Nikaambiwa nitaelewa. Sijaelewa.

Jumamosi kuna msako wa wawili wawili. Mwaka jana mke wangu alikwenda na Daktari, wakarudi wanachekeshana kama wanafunzi. Mwaka huu nimemwomba anichukue mimi. Akasema sawa, mume wangu, ila kanuni ni kanuni: asiyewahi kupata hata kimoja haruhusiwi. Na akikosa mtu, Daktari yupo.

Kimoja! Mimi niliyeanza na spana ya kuazima na leo nina karakana na mafundi wanne! Nitakipata kesho kabla ya chai.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechagua kikopo kipya, nyuma ya maktaba, kilichofichwa na mtu anayejiita Jirani Mwema. Hakuna aliyekipata bado. Kidokezo: "Fungua tu, hutalowa." Upuuzi.

Simu inaweza kukosea mita tatu kila upande. Duara la namna hiyo ni mita za mraba ishirini na nane na ushee. Nimeligawa kwa kamba, vipande sawasawa, nikapekua kimoja kimoja. Majani, mawe, nyufa, chini ya benchi. Hakuna kitu.

Mlinzi wa maktaba akaja kuuliza nimepoteza nini. Adabu ya kwanza ya chama: asiyehusika asijue. Nikamwambia nakagua uvujaji. Akafurahi! Akasema wamengoja fundi mpaka wamekata tamaa, akanishika mkono moja kwa moja hadi chooni. Ningesema nini? Nimetengeneza vyoo viwili bure.

Nikitoka nikaona koki ya maji kwenye ukuta wa nyuma, imelegea na kupinda kama jino la mtoto wa miaka sita. Nani huyu anayeiaibisha fani? Sikuweza kupita. Nikaizungushia utepe, nikaikaza kwa spana mpaka ikalia. Kazi ya mtu mwingine, lakini macho ni yangu na yaliniuma.

Vikopo: sifuri.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeuliza kwenye kundi la simu kama inaruhusiwa kumwuliza mwenye kikopo. Nimechokoza nyuki. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu na katibu wa chama, akasema kuuliza si kosa ila si uungwana. Mwingine akasema ni uungwana ukiuliza kwa siri. Wa tatu akasema siri ndiyo utovu wa adabu wenyewe. Kisha wakabishana hadi jioni kama jina liandikwe kwa wino au kwa penseli, na kama ni ufidhuli kuandika "asante" peke yake bila kumsimulia mwenye kikopo ulivyofurahi. Nimesoma yote. Nimetoka mjinga kuliko nilivyoingia.

Daktari akanishauri mbele ya watu wote: "Fundi, ukikosa andika 'sikukuta', ndugu yangu. Hakuna aibu." Hakuna aibu kwake!

Nimefikiri kifundi. Vipande vyote vimepekuliwa. Kikopo hakimo. Kwa hiyo kikopo hakipo. Kimeibwa! Na kifaa cha mteja kikipotea, fundi hakai chini akalia. Analeta kingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeleta kingine. Kipande cha bomba la plastiki, inchi moja na nusu, kifuniko huku, kifuniko kule, utepe, gundi kidogo ya tahadhari. Hata ukikizamisha mtoni mwaka mzima, karatasi haitalowa. Jina langu nimeliandika juu kabisa. Nimekiweka chini ya benchi, mahali panapoonekana vizuri, maana huduma ni huduma. Kisha nikatangaza kwenye kundi: nimekipata, na mimi ndiye wa kwanza!

Pongezi zikamiminika. Mke wangu alisoma akiwa jikoni, akapiga kigelegele, akaja kunikumbatia na mikono yenye povu la sabuni. Akasema alijua ni mimi tu ninayeweza kukitambua kile. Akauliza nilijisikiaje nilipokizungusha.

Nikasema nilijisikia fahari. Kuzungusha nini? Sikuuliza. Mwanamume akisifiwa hutulia.

Shati limelowa lote. Silibadilishi.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa!

Daktari amekwenda maktaba. Amekuta bomba langu chini ya benchi, amejaribu kulifungua, limemshinda. Akajaribu kwa meno. Sasa daktari wa meno anatafuta daktari wa meno. Ametuma picha ya bomba langu na picha ya meno yake, na swali kwa Jirani Mwema: tangu lini kikopo kikawa bomba?

Shemeji, ambaye kama katibu husajili vikopo vyote, akajibu kwamba kikopo hakijawahi kuwa bomba. Kikopo ni koki. Koki ya bandia, ukutani. Unaizungusha kwa vidole viwili, inatoka yote mkononi, karatasi imo ndani. Hata mtoto angeifungua. Lakini amekwenda kuikagua mwenyewe na haisogei, mtu ameikaza kama ya meli. Akauliza kundi zima ni nani mwenye mkono wa namna hiyo.

Kundi lina watu thelathini na wanne, na wote wananifahamu kwa kazi yangu.

Nikaenda kumweleza mke wangu kabla hajasoma. Alikuwa ameshasoma. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, simu imelala mapajani. Jirani Mwema ni yeye. Aliitafuta koki ile mwenyewe, akaifunga legelege, akaipinda kwa makusudi, kwa sababu anajua mume wake hawezi kuiona koki mbovu akaiacha. "Nilikufichia wewe," akasema. "Wewe peke yako, baba watoto. Ili twende wote."

Nikamweleza kwamba kimsingi nilikigusa. Kwa hiyo kimsingi nilikipata, siku ya kwanza kabisa.

Akasema hilo ndilo linalomuuma.

Sikuelewa, lakini nilichukua spana nikaenda maktaba mbio. Mlinzi akauliza kwa huruma kama maji yamerudi kuvuja. Ikanichukua jasho na maneno mabaya kuifungua kazi yangu mwenyewe. Ndani, karatasi. Juu ameandika: "Mstari wa kwanza ni wa fundi." Nimetia sahihi. Nimeondoa na bomba langu.

Daktari ameweka pingamizi, ingawa bila meno hakuna aliyemwelewa vizuri. Shemeji ameamua: fundi ametia sahihi kwa mkono wake, kwenye karatasi yenyewe, basi. Mke wangu amesema nitakwenda naye. Sharti moja: spana ibaki nyumbani.

Nimeahidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sina spana. Siku nzuri ajabu! Hadi saa sita tulikuwa na vikopo vitano. Vyote kapata yeye, lakini mimi nilishika begi. Mara mbili nimeona vifuniko visivyofunga sawasawa nikaingiza mikono mifukoni. Aliona. Akanibana kiwiko.

Cha sita, penye daraja la waenda kwa miguu. Tukatafuta. Tukatafuta tena. Nikapendekeza kamba, akakataa. Mwisho akakaa kwenye ngazi, kafunga macho, akasema basi, tuandike "hatukukuta", tuendelee, hakuna aibu. Maneno yale yale ya Daktari! Na uso wake umechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Moyo ukaniuma.

Sasa, aliniahidisha spana. Hakutaja mifuko ya ndani ya koti. Humo nilikuwa na kijikopo cha mafuta nilichokiokota asubuhi pale penye kioo cha chumbani, nikakipangusa, nikatia karatasi, kwa dharura. Nikakidondosha nyuma ya nguzo. Nikapaza sauti: mama watoto, hiki hapa!

Akaja mbio. Akakiokota. Akakigeuza. Akakifungua, akanusa.

Akaniuliza taratibu kama haya siyo mafuta yake ya midomo aliyoyatafuta tangu alfajiri mpaka tukachelewa.

Nikasema vikopo vinafanana.

Akakaa chini pale pale darajani. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka wapita njia wakasimama, mama mmoja akamwuliza kama anahitaji maji. Kisha akajipaka mafuta yaliyobaki humo, akachukua simu, akaandika "Hatukukuta", majina yetu mawili, langu la kwanza. Akanishika mkono hadi mwisho wa njia, hata penye vikopo viwili vilivyobaki, ambavyo hatukuvitafuta sana.

Tumekuwa wa tisa kati ya jozi kumi na moja. Daktari na shemeji wa kwanza. Daktari alitabasamu kwa midomo iliyofumbwa.

Mke wangu amesema mwakani tunakwenda tena. Hakuulizwa! Kasema mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari kwa kina. Mtu asiyejifunza kutokana na kosa lake ni bure kabisa, na kosa langu sasa naliona wazi kama mchana: harufu.

Nimepata vipya kumi na viwili, vya bati, safi, havinuki kitu. Karatasi zimo ndani tayari, na sahihi zetu zote mbili, ili mwakani asichoke. Sita mfuko wa kulia, sita wa kushoto, nizoee uzito.

Mke wangu ameuliza kitu gani kinagongana nikitembea.

Nimemwambia ni magoti.